SADAKA YA SIMU NA HESHIMA YA MTOAJI



Ndugu wasomaji, mwezi huu nimepata barua kutoka kwa kijana mmoja wa hapa Songwa, aliyesoma katika chuo chetu tangu alifu hata akakhitimu, na sasa yuko Geita katika machimbo ya dhahabu. Baada ya salamu na kuwaulizia wazee wake, ameniuliza neno hili: "Maalim, sisi watu wa Songwa tulio Geita, Kakola, Mwanza na Dar es Salaam, pamoja na wenzetu walio Maskati, tumejikusanya katika kundi moja la simu. Apatapo mtu shida, kila mmoja hutuma alichonacho. Lakini wako wasemao kuwa sadaka ya namna hii haina thawabu, kwani mtoaji hamwoni apewaye, na apewaye hamjui mtoaji. Je, ni kweli? Na ikiwa si kweli, mbona tulianza wengi na sasa tumebaki wachache?"

Maswali haya ni mawili. La kwanza jibu lake ni jepesi. La pili limenisumbua mimi mwenyewe, kwa sababu sehemu ya kosa lake naijua vizuri. Niliifanya kwa mkono wangu. Basi nitalijibu la kwanza upesi, kisha nitakaa katika la pili.

Wasemao kuwa sadaka haitimii mpaka mtoaji na mpokeaji waonane ana kwa ana, hawana hoja. Katika Suratul Baqara twafundishwa kuwa kuitoa sadaka kwa dhahiri ni jambo jema, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipowataja watu saba watakaopata kivuli siku isiyo na kivuli, alimtaja pamoja nao mtu atoaye kwa siri, hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kuume. Ikiwa mkono wa mtu mwenyewe haupewi khabari, ni nani aliyeweka sharti kwamba fakiri lazima amjue aliyempa? Simu ni chombo tu. Zamani mtu aliyekuwa mbali alimkabidhi bahasha dereva wa basi, akaomba dua isipotee njiani. Leo pesa hupita katika simu, na ujumbe wa kuwa zimefika huja kabla mtumaji hajarudisha simu mfukoni. Njia hii ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na baadaye makampuni mengine yakawa na za kwao. Kilichobadilika ni mjumbe; nia ya mtoaji ni ile ile, na ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu.

Tena sisi wa upande huu twaihitaji njia hii kuliko wengi. Tangu Dkt. John Williamson alipogundua almasi hapo Mwadui mwaka 1940, nchi yetu imekuwa nchi ya watu wajao na watu waendao. Wengine walikuja kutafuta kazi wakawa wenyeji, na leo watoto wao huondoka kwenda kutafuta dhahabu. Baba yuko hapa na pamba yake na mtama wake, mwana yuko shimoni Geita, binti yuko dukani Kahama, na shangazi yuko ng'ambo ya bahari. Wazee wetu walipotaka kumsaidia mtu, walipitisha kofia msikitini baada ya sala ya Ijumaa, au waliweka sahani na daftari penye matanga. Mambo hayo ni mema na tusiyaache. Lakini kofia haiwezi kufika Geita. Kundi la simu ni kofia ndefu, nasi tukiitumia vema itawafikia wote tuliokuwa tumewapoteza.

Nguvu ya jambo hili tumekwisha kuiona kwa majirani. Mwaka 2011 njaa ilipoingia kaskazini ya Kenya, Wakenya walifanya mchango walioupa jina la Wakenya kwa ajili ya Kenya. Walikusudia kupata shilingi milioni 500 za kwao katika majuma manne, na wakazipita kabla ya muda huo kwisha. Matajiri na makampuni walitoa, lakini pia watu wengi wa kawaida walituma kidogo kidogo kwa simu zao. Na huko Asia, katika nchi ya Indonesia yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine nyingi za dunia, palikuwa na mama mmoja aitwaye Prita Mulyasari. Aliwaandikia rafiki zake barua ya mtandao kulalamikia matibabu aliyoyapata hospitalini, akashitakiwa, na mwezi wa Desemba mwaka 2009 mahakama ikamwamuru alipe rupia milioni 204. Watu wakaitana kwa mtandao wamchangie sarafu. Watoto wakavunja vibweta vyao, na wachuuzi wakaleta chenji za siku. Sarafu zikajaa magunia, na zilipohesabiwa zilikuwa zimepita mara mbili ya deni lile. Jambo la kutazama hapa ni kwamba waliomba sarafu, wala hawakuomba noti. Kwa hiyo hapana mtu aliyeona haya kuwa alichonacho ni kidogo. Nakuomba msomaji ulishike neno hili, maana nitalirudia.

Na kwetu pia misiba haijakosekana. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe iliangusha nyumba huko Mwakata, Kahama, na watu zaidi ya 40 wakafariki dunia. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo ya bwawa la tope la mgodi wa almasi hapo Mwadui ilivunjika, tope likaingia majumbani na mashambani. Siku za namna hiyo mtu hawezi kungoja mpaka Ijumaa ndipo kofia ipitishwe.

Sasa nije katika swali la pili: kwa nini watu hujitoa?

Nitaeleza yaliyotupata. Sisi pia tulikuwa na kundi letu, nami nilikuwa mmoja wa wasimamizi. Tulilianza kwa kumsaidia mzee mmoja aliyevunjika mguu, tukafaulu, tukafurahi. Ndipo kijana mmoja akasema kuwa watu wangetoa zaidi kama tungekuwa tunaandika orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja, aliyetoa kingi akiwa juu na aliyetoa kidogo akiwa chini, na orodha hiyo itolewe kila jioni ili wasiotoa waone. Niliulizwa mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu, nami nikasema: "Andikeni." Nilidhani nawahimiza watu katika kheri, na kwa muda pesa ziliongezeka kweli.

Palikuwa na mama mmoja mjane katika kundi, muuza karanga, aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Siku moja alituma shilingi 500. Jina lake likaandikwa la mwisho, na mbele yake 500. Asubuhi yake kijana mmoja akaweka chini ya orodha ile kijisura cha kucheka. Hakuandika neno lolote, wala hakumtaja mtu, lakini kila aliyeona alijua anachekwa nani. Mchana yule mama akatoka katika kundi. Sikumwuliza sababu. Niliona ujumbe wa kuwa fulani ametoka, nikaendelea na kazi zangu.

Baada ya miezi kadha mjukuu wake akakosekana chuoni. Siku ya kwanza nilidhani yuko shamba. Juma la pili nikaenda kwao. Nilimkuta mtoto amefungwa kitambaa jichoni. Mwiba ulikuwa umemchoma alipokuwa akichunga mbuzi, na bibi yake alikuwa akimtia dawa za majani kwa kuwa hakuwa na nauli wala pesa za kumpeleka hospitali. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukutuambia? Kundi lipo kwa ajili ya mambo haya haya." Akaniangalia kwa upole, akasema: "Maalim, mimi nilikuwa wa mwisho katika orodha. Mtu wa mwisho aombe kwa uso gani?"

Tulimpeleka mtoto Mwanza siku ya pili yake. Pesa zilipatikana kwa saa chache tu, nami nasema hivi ili ijulikane kuwa uwezo ulikuwapo siku zote zile. Daktari alisafisha, akatibu, akafanya aliloweza, kisha akatuambia kuwa lau mtoto angeletwa siku za kwanza jicho lingepona. Mtoto yule sasa anasoma Juzuu Amma kwa jicho moja. Kila asubuhi hukaa mbele yangu na ubao wake, nami humsikiliza.

Ndugu zangu, Qur'ani imetukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Siku zote nilikuwa nikiifahamu aya hiyo kuwa yamhusu mtoaji amsimangaye maskini aliyempa. Sikufikiri kuwa yaweza kumgusa maskini anayetoa. Yule mama alikuwa ametoa katika dhiki, na shilingi 500 zake huenda kwa Mola wake zilikuwa nzito kuliko 50,000 zilizokuwa juu ya orodha. Sisi tulizipima kwa mizani ya sokoni. Hapa utaona busara ya wale watu wa Indonesia walioomba sarafu: walilifungua lango kwa kimo cha mtu mfupi, na warefu nao wakapita kwa kuinama.

Ugonjwa wa pili ni wa amana. Makundi mengi huweka mchango wote katika simu ya mtu mmoja, tena iliyo na pesa zake mwenyewe. Mtu huyo aweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini simu yaweza kuibiwa, naye aweza kuugua au kufa, na warithi wasijue ipi ni mali yao na ipi ni ya watu. Aweza pia kushikwa na haja, akakopa "mpaka kesho", na kesho isifike. Wala tusidhani kuwa ukubwa au jina la dini ni kinga. Huko huko Indonesia palikuwa na jumuiya kubwa ya misaada ikiitwa Aksi Cepat Tanggap, iliyoanzishwa mwaka 2005 na kuaminiwa na Waislamu wengi. Mwezi wa Julai mwaka 2022 gazeti la Tempo lilitoa khabari za matumizi ya wakubwa wake. Serikali ikaona kuwa jumuiya ilikuwa ikichukua zaidi ya asilimia 10 ya michango kwa gharama zake, kiasi kilichopita kanuni, ikaiondolea ruhusa ya kukusanya. Mwaka uliofuata viongozi wake wakahukumiwa kifungo kwa kutumia visivyo pesa zilizokuwa za kuwafariji jamaa za waliokufa katika ajali ya ndege ya Lion Air ya mwaka 2018. Msiba wa khiana ya namna hii hauishi kwa walioiba. Kila mwenye sanduku la sadaka, hata aliye safi, hutazamwa kwa jicho la shaka, na mwenye kuumia ni fakiri.

Tena wako wezi wa nje. Ni nani kati yetu asiyepata kuletewa ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Mwizi huyo hamjui mtu. Hutupa ndoana gizani, na siku ambayo kundi linachanga kwa ajili ya mgonjwa ndipo samaki wanapokuwa wengi. Ujumbe kama huo usiufuate, hata ukija na jina ulijualo. Piga simu, usikie sauti ya mtu unayemjua. Kisha upeleke ujumbe ule kwa namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuwaripoti matapeli hao.

Ugonjwa wa tatu ni wa picha. Watu hudhani kuwa mioyo haitalainika mpaka waonyeshwe kidonda. Huchukua picha ya mgonjwa akiwa nusu uchi kitandani, ikatumwa katika makundi kumi, na mgonjwa akipona hukutana na picha ile miaka mitatu baadaye katika simu ya mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuja kuyalinda mambo ya mtu yasienezwe ovyo. Lakini Mwislamu hakuhitaji kungoja sheria hiyo ili ajue kuwa uchi wa nduguye ni amana. Watosha kusema: "Mtoto wa miaka minane, wa kijiji chetu, ameumia jicho, fulani na fulani wamekwenda wakamwona, na zahitajiwa shilingi kadha." Ambaye maneno hayo hayamwingii, hata picha haitamfanya mkarimu, itamfanya mtazamaji tu.

Basi dawa ni nini? Baada ya mambo ya mtoto yule tulikaa msikitini, wazee na vijana na akina mama, tukaandika kanuni, nami naziandika hapa kwa ajili ya kijana wetu wa Geita na wote walio na makundi kama haya.

Kwanza, majina ya watoaji yasitajwe, wala kiasi cha mtu. Kila jioni hutangazwa jumla peke yake: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Mtoaji hupata shukurani na hati yake peke yake. Kweli wapo wapendao majina yao yatajwe, na wengine walipunguza walipoona hayatajwi. Tuliwaacha. Anayetoa ili asomwe amekwisha kusomwa, ndio ujira wake.

Pili, mshika fedha asiwe mmoja. Watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke, kwani shida nyingi za nyumbani humfikia mwanamke kwanza. Iko huduma kama M-Koba, iliyoanza mwaka 2019, ambayo pesa za kikundi hukaa mahali pake mbali na mfuko wa mtu, wala mmoja peke yake hawezi kuzitoa. Pamoja na hayo daftari la karatasi liwepo, likaguliwe kila mwezi mbele ya watu. Ikiwa Mwenyezi Mungu ametuamuru kuandika deni baina ya watu wawili wanaojuana, vipi tusiandike mali ya watu mia?

Tatu, kabla ya kuita mchango, watu wawili waende kwa mwenye shida, wamwone na kumsikiliza, wamwulize apenda khabari zake zielezwe kwa kiasi gani. Na mtu akitoka katika kundi, aendewe vile vile. Hii ndiyo kanuni niliyoilipia ghali. Qur'ani yataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao. Watu hao hawataandika shida zao simuni. Hujulikana kwa alama zao, na alama hazionekani ila kwa mwenye kuutembelea mlango.

Nne, mifuko isichanganywe. Mchango wa harusi ni ada, sadaka ni hiari, na zaka ni haki ya watu. Kijana wa machimbo aliyejaliwa kupata dhahabu au pesa zenye thamani ya gramu 85 za dhahabu, zikakaa kwake mwaka mzima, atoe humo sehemu moja ya arobaini, na iende kwa mafungu manane yaliyotajwa katika Suratu Tawba. Haifai zaka ikanunulia jezi za timu ya mtaa. Na katika sadaka zisizo zaka, jirani asiye Mwislamu asiachwe. Mvua ya mawe ya Mwakata haikuuliza dini ya mwenye nyumba.

Tano, iwekwe akiba. Wasukuma wana desturi ya ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie ijapokuwa nyasi ni nyingi, ili kiangazi kikija ng'ombe wasife. Nasi tumefunga sehemu ya kila mchango iwe ngitili ya wagonjwa, ili mtoto akiumia usiku nauli iwepo asubuhi bila ya mtu kuomba wala kusubiri. Na tuwaambie watoaji wazi kuwa tunafanya hivyo, maana mali iliyotolewa kwa jambo moja haipelekwi kwa jingine ila kwa idhini yao.

Na neno dogo: utumapo, tuma na ya kutolea. Mgonjwa aliyeambiwa anapata 10,000 asifike kwa wakala akapungukiwa.

Ewe kijana wangu wa Geita, hilo ndilo jibu langu. Sadaka yenu ni sadaka, na Mwenyezi Mungu azikubali. Lakini usiwahesabu waliobaki tu. Shika majina ya waliotoka, umwendee mmoja mmoja kwa simu, kwa sauti na wala si kwa maandishi, umwulize hali yake na ya watoto wake. Usimwulize kwa nini hachangi. Huenda katika hao yuko mwenye mgonjwa ndani.

Yule mama wa karanga hajarudi katika kundi mpaka leo, wala sikumshurutisha. Nilikwenda nikamtaka radhi mbele ya mjukuu wake, na yule kijana aliyecheka nilikwenda naye. Akatusamehe, kisha akatupimia karanga, akakataa pesa yetu.

Mwenyezi Mungu atufanye wepesi wa kutoa, na wazito wa kumwaibisha mtu. Amin. Wabillahi tawfiq.